Sura ya 7: Windows Inapogoma Njiani

Kupiga Windows upya kwenye laptopu ni kazi yenye hatua nne. Kwanza mashine huwaka kutoka kwenye flashi. Pili, programu ya usakinishaji hutafuta diski na kuigawa. Tatu, faili hunakiliwa na kufunguliwa. Nne, mashine hujizima na kujiwasha yenyewe, safari hii kutoka kwenye diski yake, ikapanga vifaa vyake na kumfungulia mtumiaji akaunti. Kila hatua ina maradhi yake, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Ndiyo maana ile desturi ya kuanza mwanzo kila inapogoma, kwa flashi ileile na mipangilio ileile, hula siku nzima na kumrudisha fundi palepale.

Kwa hiyo kinachotafutwa kwanza ni hatua ambayo kazi ilikwamia. Ujumbe wa kosa hupigwa picha kwa simu kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu ukishafungwa haurudi, na namba inayoanza na 0x ina maana tofauti kabisa na namba nyingine inayofanana nayo. Mteja akisema tu kwamba ilileta maandishi ya Kiingereza ikazima, hajamsaidia fundi.

Kabla ya jaribio la pili, faili za mwenye mashine huokolewa. Kama jaribio la kwanza halikufomati diski, huwa bado zipo, mara nyingi ndani ya folda iitwayo Windows.old, chini ya Users. Zinaweza kutolewa bila programu ya ziada. Kwenye skrini ya usakinishaji, Shift na F10 zikibonyezwa pamoja hufungua dirisha jeusi la amri; laptopu nyingine hudai Fn ibonyezwe pia. Hapo huandikwa neno notepad, kisha Enter, na daftari dogo la Windows hufunguka. Menyu yake ya kufungua faili ndiyo mlango: aina ya faili ikibadilishwa kutoka maandishi kuwa faili zote, diski na folda zote hujitokeza. Folda inayotakiwa hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ikanakiliwa, kisha ikabandikwa kwenye diski ya nje. Dirisha hilo halionyeshi asilimia wala muda uliobaki, hivyo folda nzito ya picha na video hufanya mashine ionekane imeganda ilhali kazi inaendelea. Taa ya diski ya nje, kama inayo, hueleza ukweli zaidi kuliko skrini. Anayeona njia hiyo ni finyu huwasha mashine kwa mfumo wa Ubuntu ulio kwenye flashi, bila kuusakinisha, akanakili faili kama kawaida.

Njia zote mbili hukwama diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hufungwa hivyo zenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, naye asijue. Ufunguo wa kuokolea ni namba yenye tarakimu 48, na kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo ya Microsoft au kwa kitengo cha kompyuta cha ofisi iliyotoa mashine. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani, moja ya mambo yaliyowachelewesha mafundi ni kutafuta funguo hizi mashine moja baada ya nyingine. Bila ufunguo hakuna ujanja wa mtaani unaofungua diski hiyo, na anayedai kuuweza anauza maneno.

Diski ikiwa imeshafomatiwa, aina yake huamua. Diski ya zamani ya kuzunguka huacha data chini hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu kama TestDisk huweza kurudisha sehemu kubwa. SSD ni hadithi nyingine: baada ya kufomatiwa hupokea amri ya TRIM inayoiambia kwamba nafasi hiyo haitumiki tena, nayo huanza kuisafisha yenyewe. Matumaini hapo ni madogo.

Sasa hatua ya kwanza. Laptopu ikikataa kuwaka kutoka kwenye flashi, mara nyingi flashi haikutengenezwa sawasawa au mashine haijaelekezwa kwake. Kuelekeza ni suala la kitufe sahihi wakati wa kuwasha: F12 kwa Dell, Lenovo nyingi na Acer, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa Asus nyingi. Acer ina visa vyake, kwani kitufe hicho mara nyingi huwa kimezimwa hadi kiruhusiwe ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Baadhi ya Lenovo zina tundu dogo ubavuni linalobonyezwa kwa pini.

Flashi yenyewe inahitaji nafasi ya GB 8 au zaidi, na hapa ndipo mengi huharibika. Mashine za kisasa huwaka kwa mfumo wa UEFI, na nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu. FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofika GB 4, na faili kuu ya Windows, install.wim, siku hizi mara nyingi huzidi hapo. Anayekokota faili kwa mkono kutoka kwenye picha ya ISO hadi kwenye flashi hukuta hiyo moja imekataa, akaipuuza, halafu akashangaa usakinishaji unapolalamika kwamba haujapata kitu. Programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi, Media Creation Tool, hukwepa tatizo hili kwa kubana faili zaidi. Programu ya Rufus hulikwepa kwa kuigawa flashi sehemu mbili, moja ndogo ya kuwashia na nyingine ya NTFS. Yoyote kati ya hizo mbili inafaa; kukokota kwa mkono hakufai.

Lipo pia suala la flashi zenyewe. Katika masoko ya Afrika Mashariki huuzwa flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani zina GB 8 au pungufu. Huonekana zinapokea kila kitu, kumbe kinachozidi uwezo wao kinaandikwa hewani. Programu ya H2testw hujaza flashi nzima na kuisoma tena, ikasema ukweli wake. Picha ya ISO nayo hukaguliwa kwa amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256: hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaolinganishwa na ule uliochapishwa na Microsoft. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili ilikatika wakati wa kupakuliwa au imechezewa. Nakala zilizopunguzwa na watu wasiojulikana, zinazozunguka vibandani kutoka flashi hadi flashi, hazina cha kulinganishwa nacho, na fundi makini hazigusi. Picha halisi inapatikana bure kwa Microsoft. Kinacholipiwa ni leseni.

Hatua ya pili ndiyo yenye mitego mingi, na mtego unaowahangaisha wengi zaidi ni orodha tupu. Usakinishaji unafika mahali pa kuchagua diski, na hapo hakuna hata moja. Mwenye laptopu huambiwa SSD imekufa. Katika laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, na vizazi vilivyofuata, SSD mara nyingi ni nzima kabisa. Prosesa hizo zina kitu kinachoitwa VMD, kinachosimama kati ya Windows na SSD ya aina ya NVMe, na flashi ya Windows mara nyingi haina draiva ya kuzungumza nacho. Dalili yake ni kwamba SSD inaonekana ndani ya BIOS lakini haionekani kwenye usakinishaji. Kifaa kilichokufa hakionekani kotekote.

Kuna njia mbili za kulimaliza tatizo hili. Ya kwanza ni kupakua draiva ya Intel RST kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, kuiweka kwenye flashi, kisha kubonyeza kitufe cha kupakia draiva palepale kwenye skrini ya orodha tupu. Wengi hukwama hapa kwa sababu huweka faili ya .exe kama ilivyopakuliwa. Usakinishaji hauijui hiyo. Unataka folda iliyofunguliwa, yenye faili za .inf ndani yake. Ikipatikana ile sahihi, SSD hutokea kwenye orodha mara moja, bila kuwasha upya. Njia ya pili ni kuzima VMD ndani ya BIOS. Ni ya haraka, na kwa mashine inayofutwa yote haina ubaya. Lakini kwenye diski kukiwa bado na Windows ya zamani inayotakiwa, Windows hiyo itawaka na kuonyesha skrini ya buluu kwa sababu diski yake imebadilishiwa njia.

Mtego wa pili ni diski inayoonekana lakini inakataliwa, pamoja na maelezo kwamba mpangilio wake ni wa MBR ilhali mfumo wa UEFI unataka GPT. MBR ilikuja mwaka 1983 na PC DOS 2.0. Ina kikomo cha TB 2 na sehemu kuu nne tu za diski, wakati GPT kwenye Windows huruhusu sehemu 128. Laptopu zilizotumika, ambazo zilianza maisha na Windows 7 na zimepita mikono mingi, mara nyingi bado zina MBR. Kama faili zimeshaokolewa, suluhisho ni fupi. Shift na F10 hufungua dirisha jeusi; huandikwa diskpart, kisha list disk. Hutokea orodha ya diski na ukubwa wake, na upande wa kulia kabisa kuna safu ya GPT yenye alama ya nyota kwa diski ambayo tayari iko kwenye mpangilio huo. Diski ya ndani ya laptopu isiyo na nyota ndiyo inayoshughulikiwa; kama namba yake ni 0: select disk 0, clean, convert gpt.

Amri ya clean haiulizi mara mbili. Hufuta ramani yote ya diski iliyochaguliwa kwa kufumba na kufumbua, na diski ya nje iliyotumika kuokolea faili huenda bado imechomekwa, nayo ina namba yake kwenye orodha ileile. Ukubwa ndio wa kutazamwa, na diski ya nje ni bora ichomolewe kabla ya kuanza. Kama Windows ya zamani bado inawaka na haitakiwi kufutwa, ipo programu ya MBR2GPT, iliyokuja na Windows 10 ya mwaka 2017, inayobadili mpangilio bila kugusa faili.

Hapohapo kwenye hatua ya pili ndipo Windows 11 hukataa mashine. Inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI yenye Secure Boot na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mara nyingine TPM ipo lakini imezimwa ndani ya BIOS, ikiitwa PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD, na kuiwasha kunatosha. Isipokuwepo kabisa, zipo njia za kuruka ukaguzi huo, na Rufus huziweka kwa kubofya tu, ila Microsoft haiahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Kurudi Windows 10 nako kuna gharama yake, kwa kuwa msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua ya tatu huonekana nyepesi: asilimia zinapanda, mtu anasubiri. Ikigoma hapa, namba ya kosa husema mengi. 0x80070570 maana yake faili imeharibika au haisomeki, na mshukiwa wa kwanza ni flashi au ISO. 0x8007045D ni kosa la kusoma au kuandika kwenye kifaa. Flashi huhamishiwa tundu lingine la USB, ikishindikana hutengenezwa flashi nyingine, na ikirudi tena macho huelekezwa kwenye diski. Ujumbe unaodai draiva inakosekana, ukitokea mapema wakati diski bado haijatajwa, mara nyingi si wa draiva hata kidogo, bali umetokana na flashi iliyotengenezwa vibaya. Mtu anaweza kutafuta draiva hiyo wiki nzima asiipate, kwa sababu haipo.

Umeme nao uko hapa. Laptopu yenye betri iliyokufa ni sawa na kompyuta ya mezani, na umeme ukikatika asilimia zikiwa sitini, diski hubaki na Windows nusu. Hakuna cha kuunga hapo. Sehemu ya Windows hufutwa na kazi huanza upya, ikiwezekana kwa betri ya kuazima.

Hatua ya nne ina kosa moja la kawaida mno: mashine inawaka upya, na badala ya kuendelea inarudi kwenye skrini ya mwanzo ya usakinishaji. Haijashindwa chochote. Flashi imeachwa kwenye tundu na BIOS inaipa kipaumbele. Ikichomolewa, mashine huendelea ilipoishia. Wapo waliosakinisha mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo tu.

Ikichomolewa na mashine ikasema haioni kifaa cha kuwashia, tatizo liko kwenye sehemu ndogo ya diski iitwayo EFI, kwa kawaida ya MB 100 tu. UEFI haiijui Windows. Ni kama mgeni aliyefika mtaani: huenda kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi, naye ndiye anayemwonyesha nyumba. Sehemu ya EFI ndiyo mjumbe huyo, na isipoandikwa vizuri Windows inaweza kuwa nzima yote na bado isifikiwe. Mashine huwashwa tena kwa flashi na dirisha jeusi hufunguliwa. Ndani ya diskpart, list volume huonyesha sehemu zote; ile ndogo ya FAT32 huchaguliwa na kupewa herufi kwa amri ya assign letter=S. Baada ya kutoka kwa exit, huandikwa bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Ukiwaka kutoka kwenye flashi, herufi za diski huweza kuhama na Windows ikawa D: au E:, kwa hiyo folda ya Windows hutafutwa kwanza kwa amri ya dir. Jibu la kwamba faili za kuwashia zimeundwa likitokea, kazi imekwisha. Maelekezo ya zamani husisitiza bootrec /fixmbr. Hiyo ni dawa ya MBR na haina la kufanya kwenye diski ya GPT.

Kosa lingine la hatua hii ni ujumbe kwamba kompyuta ilijizima ghafla na usakinishaji hauwezi kuendelea, ukifuatiwa na kitufe cha OK kinachozungusha mashine bila kikomo. Windows imejiwekea alama kwamba kazi haikukamilika, na kila ikiwaka inaisoma alama hiyo na kukata tamaa. Palepale kwenye ujumbe, Shift na F10, kisha regedit. Hufuatwa njia ya HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, Setup, Status, ChildCompletion, na upande wa kulia huwepo setup.exe. Thamani yake ikiwa 1, hubadilishwa kuwa 3, dirisha hufungwa, OK hubonyezwa. Mara nyingi usakinishaji huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukigoma tena, ni kusakinisha upya.

Mwishoni kabisa Windows 11 hudai intaneti kabla ya kumruhusu mtumiaji kuingia, huku laptopu ikiwa haina draiva ya Wi-Fi. Bila draiva hakuna intaneti, na bila intaneti draiva haipakuliki. Simu ya Android huvunja mduara huo: huunganishwa kwa waya wa USB, si kwa hotspoti, na ndani ya mipangilio yake huwashwa kushiriki intaneti kupitia USB. Windows huitambua kama waya wa mtandao bila draiva yoyote ya kuongeza. Angalizo ni la bando tu, maana Windows ikishaingia huanza kuvuta masasisho mazito. Mara tu ukurasa wa kazi unapotokea, muunganisho huo huwekwa kuwa wa kulipiwa kwa kipimo ili masasisho yasubiri.

Leseni huwatia watu hofu isiyo na sababu. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baadaye hubeba ufunguo ndani ya madabodi, na usakinishaji huusoma wenyewe. Kinachokosewa ni toleo: mashine ya Home ikipigwa Pro itabaki bila kuamilishwa hata kama ni halali. Saa nayo itazamwe. Betri ndogo ya madabodi ikiisha, mashine hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa, vyeti vya usalama vya intaneti hukataliwa, na uamilishaji hushindwa huku kila kitu kingine kikionekana sawa.

Hubaki mashine ambayo imepitishwa kwenye hatua zote hizi, kwa flashi mpya na ISO iliyokaguliwa, na bado inagoma, leo asilimia ishirini, kesho themanini. Kugoma mahali tofauti kila mara ni dalili ya kifaa, wala si ya Windows. RAM hujaribiwa kwa MemTest86, au kwa kutoa kipande kimoja na kuacha kingine kama viko viwili. Kosa hata moja kwenye ripoti linatosha kuihukumu. Diski huulizwa hali yake kwa CrystalDiskInfo kwenye kompyuta nyingine, au kwa smartctl ndani ya Ubuntu. Kwenye diski ya kuzunguka, mistari ya kutazamwa ni idadi ya sekta zilizohamishwa na ya zile zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiwa juu ya sifuri na zikiongezeka kati ya kipimo na kipimo, diski inakufa, na kila jaribio jipya la kuipiga Windows linaiharakisha. Diski ya namna hiyo haifomatiwi tena, inabadilishwa.